"Midnight" ni ya Siku Gani?

Tangazo likibandikwa kwamba mwisho wa kutuma asaimenti ni "midnight, Ijumaa", darasa linagawanyika. Wapo wanaoelewa ni ule usiku Alhamisi inapokwisha, na wapo wanaojipa Ijumaa nzima. Wote Kiingereza wanakijua. Shida iko kwenye neno lenyewe: linataja mpaka wa siku mbili bila kusema ni siku ipi.

Sisi wa Ngara mambo ya mpaka tunayajua. Pale Rusumo, ukivuka daraja la Mto Kagera kuingia Rwanda, unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa sita usiku, ng'ambo ni saa tano na tarehe yao bado ni ya jana. Kabanga, tunakopakana na Burundi, ni hivyo hivyo. Mwenye miadi ng'ambo lazima aulize kwanza: saa za wapi?

Sasa chuoni hatuulizi. Mbaya zaidi ni "12:00 AM". Mtu aliyezoea saa za Kiswahili akiona 12:00 na alama ya asubuhi, anasoma saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshuhudia mwenzetu wa mwaka wa kwanza, mtu wa Biharamulo, akituma kazi saa kumi alfajiri akiamini ana saa mbili mkononi. Mfumo ulishafungwa tangu saa sita usiku. Alama zikaenda, na somo lenyewe halikuwa Kiingereza.

Wapo watakaosema mwanachuo ajifunze, basi. Sawa, ajifunze. Lakini hata anayejua kwamba "midnight" ni saa sita usiku bado hajaambiwa ni usiku upi. Kiswahili hilo kimelimaliza zamani. Ukiambiwa basi lilipita Nyakanazi usiku wa kuamkia Jumamosi, hakuna ubishi: Ijumaa imekwisha, asubuhi inayofuata ni Jumamosi.

Kwa hiyo naomba serikali yetu ya wanafunzi ilifikishe hili kwa wakuu wa idara: kila tangazo litaje siku, tarehe na saa, mfano, "Ijumaa, mwisho saa 5:59 usiku". Ni mstari mmoja tu, na haugharimu hata shilingi. Kazi ya mtu ipimwe kwa alichoandika, siyo kwa alivyokisia saa.