Kazi, Elimu, Afya: Mgombea Akiishia Hapo, Hajasema Kitu

Wadau, uchaguzi wa Marekani ukifika macho yote yako kwa Rais. Nani kamtukana nani, nani kavaa nini. Huku chini mgombea wa bunge la jimbo anapita kimya kimya na bango la maneno matatu: KAZI, ELIMU, AFYA. Makofi, selfi mbili tatu, kwisha habari.

Jamani, huyo ndo wa kumbana!

Chukua Texas, ambako Houston na Dallas Kiswahili unakisikia mtaani. Kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa, kimeganda hapo tangu 2009. Bunge la jimbo likitaka, linapandisha. Anayeimba kazi aulizwe: utapandisha hadi ngapi?

Elimu je? 2019 bunge hilo liliweka dola 6,160 kama kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi. Vitu vikapanda bei, kiwango kikalala. 2025 wakaongeza dola 55. Hamsini na tano!

Afya ndo usiseme. Majimbo mengi yameshapanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Texas imegoma. Mgombea anayesema "afya kwa wote" bila kutaja kura yake hapo, anapiga porojo.

Na kikao chao cha kawaida ni siku 140 tu, kila baada ya miaka miwili. Ukichagua bango, utasubiri sana.

Au mnaonaje, wadau? Tiririkeni hapo chini.