Gereji iliyoharibu rimu ilipe, muhali tuuweke pembeni

Kila kharifu ya Salala inapokaribia, gereji za Wadi Kabir, Ghala na Mabela hujaa magari ya familia. Kutoka Maskati hadi Salala ni karibu kilomita 1,000 za jangwa na joto, na hakuna mzazi atakayependa kuwapakia watoto kwenye gari lenye tairi zilizokwisha. Basi watu wanabadilisha tairi, wanabalansi, wanalipa, wanaondoka. Baadhi yao wakifika nyumbani ndipo wanapoona kuwa rimu imechubuka ukingoni duara zima, au imepinda, au usukani unatetemeka gari likishika kasi.

Kinachofuata tunakijua sote. Nyumbani kunapigwa kelele, mmoja anasema "turudi tukawaambie", halafu anatokea mtu mzima na kauli yetu ile ya siku zote: "Aa, muhali bwana, yule tunajuana naye." Mambo yanaishia hapo. Mwenye gereji analala na pesa yake, na sisi tunabaki na rimu mbovu.

Nasema muhali wa namna hii hauna heri. Aliyeharibu mali ya mtu ailipe, na kumdai si utovu wa adabu.

Wapo watakaosema rimu ni urembo tu, mkwaruzo mdogo haumuui mtu. Mkwaruzo wa rangi, sawa. Lakini tairi za siku hizi hazina tyubu ndani. Upepo unazuiwa na ule ukingo wa rimu tairi linapokaa. Ukingo ukipinda, upepo unavuja kidogo kidogo usiku na mchana. Kuna na nati. Fundi mwenye haraka anazikaza kwa mashine ya upepo mpaka mwisho, na boliti zinavutika. Ukipata pancha karibu na Haima, jua la saa saba, spana uliyonayo kwenye buti haizifungui hata ukiipanda kwa miguu. Na zikiachwa zimelegea ni hatari zaidi, maana gurudumu lenyewe laweza kuchomoka. Ndiyo maana inashauriwa nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lifungwe. Ni fundi gani amekwambia hayo?

Kwenye kudai, hoja ya kwanza utakayoipata ni "ilikuwa hivyo tangu ulipokuja". Hapo ndipo watu wengi wanaponyamaza, na hawana sababu ya kunyamaza, kwa sababu chuma kinasema. Rimu iliyogonga ukingo wa barabara huparurika vibaya upande wa nje, na jeraha la zamani huwa limefifia, limeingia vumbi jeusi la breki. Mkwaruzo wa leo unang'aa. Mashine ya kutoa tairi huishika rimu kwa meno manne ya chuma, ambayo hutakiwa kuvishwa plastiki. Plastiki ikiisha na mwenye gereji akibania kununua nyingine, rimu hutoka na alama nne zilizopangana sawasawa. Kichwa cha mashine kikigusa rimu, huacha mstari wa duara. Hakuna barabara Oman inayochora hivyo.

Hoja ya pili ni kile kibao cha ukutani: "Hatuhusiki na uharibifu wowote." Kibao hakifuti sheria. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 66/2014, inamtaka mtoa huduma aifanye kazi yake sawasawa na aidhamini kwa muda unaolingana na kazi yenyewe. Akikosea, kuna kurejesha pesa, kufidia, au kuifanya kazi upya. Sheria ya Miamala ya Kiraia, Amri namba 29/2013, nayo inamtaka anayemdhuru mwenzake afidie. Kwa jamaa zetu walioko Dubai, Sharja na Abudhabi, Sheria ya Shirikisho namba 15 ya mwaka 2020 inabatilisha masharti yanayomvua mtoa huduma jukumu lake kwa mteja.

Na hata kabla ya sheria hizi, mafakihi waliijadili mas-ala hii zamani, kwa mfano wa fundi cherehani aliyeharibu kitambaa na mtia rangi aliyeunguza nguo. Wengi wao walimtia fundi dhamana ya kilichoharibiwa na mkono wake, maana bila ya hivyo mali za watu zingepotea. Kwa hiyo anayekuona huna adabu kwa kudai haki yako, muulize adabu hiyo kaitoa kitabu gani.

Haya nayasema na mimi yamenikuta. Gereji moja hapa Maskati, sitaitaja, ilinibadilishia tairi nne. Kabla sijawapa ufunguo nilipiga picha za magurudumu yote kwa simu, kama ninavyofanya siku zote. Walipomaliza nikazunguka gari palepale uwanjani: rimu mbili zina mstari mpya wa duara, ya tatu imepinda ukingo. Mwenye gereji, ambaye anasali msikiti mmoja na shemeji yangu, akanijibu kwa upole kabisa kuwa zilikuwa hivyo tangu mwanzo. Sikugombana naye. Niliomba karatasi ya kazi, nikaandika juu yake nilichokiona, tarehe na saa, nikampa asaini kuwa ameipokea. Jioni nikamtumia picha za kabla na za baada kwa WhatsApp. Kesho yake nikachukua bei kwa watu wawili wanaotengeneza rimu, nikampelekea ile ya chini: riali 38. Nikampa wiki moja, na nikamwambia wazi kuwa ikipita nitakwenda kwa Mamlaka ya Kuwalinda Watumiaji. Siku ya nne alilipa.

Ila kabla ya kulipa alisema neno lililonisumbua kuliko rimu zenyewe: "Sawa, nitamkata yule kijana." Kijana mwenyewe ni mgeni kutoka Bara Hindi, amesimama juani tangu asubuhi, mashine aliyopewa meno yake hayana plastiki hata moja. Nilimwandikia mwenye gereji kuwa mimi simdai kijana, naidai gereji. Leseni ni yake, mashine ni yake, faida ni yake, na hasara iwe yake. Naomba kila msomaji anayekwenda kudai aliseme neno hili waziwazi, tena kwa maandishi. Wengi wetu baba zetu na babu zetu walianzia chini katika nchi za watu. Tunaujua mshahara unaokatwa. Tusiichukue haki yetu kutoka kwenye sahani ya mnyonge.

Kuna mwenye gereji atakayeniambia: ninachaji riali chache kubadilisha tairi, vipi nilipe rimu ya riali mia? Namwelewa, lakini jibu liko mikononi mwake. Plastiki za meno ya mashine ni bei ndogo. Spana ya kupimia ukazaji wa nati inanunuliwa mara moja, inadumu miaka. Picha nne gari linapoingia, zikaonyeshwa kwa mteja, hazigharimu kitu, na zinamlinda yeye pia na mteja mjanja. Maana wapo, tusifichane, watu wanaokwenda na rimu zilizogongwa wiki iliyopita na kutaka zitengenezwe bure. Huo ni wizi, na unawaharibia wenye madai ya kweli.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo ni simu yako. Piga picha kabla, zunguka gari kabla hujalipa na kabla hujatoka uwanjani, chukua risiti yenye tarehe na jina la gereji. Ukiona kasoro, sema hapohapo na uandike. Usizitengeneze rimu kabla mwenye gereji hajapewa nafasi ya kuziona, maana ukishazing'arisha umefuta ushahidi wako mwenyewe. Dai gharama ya kutengeneza, usidai rimu mpya kama ya zamani inatengenezeka. Ikiwa imepasuka, hapo hakuna kutengeneza. Dai nyingine ya aina ileile. Akikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka, ile tunayoiita Himayat al-Mustahlik, na wenzetu wa Emirati wapeleke idara ya uchumi ya imarati yao. Mwenye Kiarabu kizuri katika familia amsaidie asiye nacho. Wajomba na mashangazi waliokuja juzi wasiachwe wakaliwa kwa sababu ya lugha.

Na wale miongoni mwetu wanaomiliki gereji, nao wapo, nawaambia hivi: mteja anayerudi na picha mkononi hajaja kukuvunjia heshima. Amekupa nafasi ya kulimaliza jambo dukani kwako kabla halijafika mbele ya serikali. Mlipe, muombe radhi, nunua plastiki za mashine. Msimu ujao atarudi na magari ya ndugu zake.