Programu imefutwa, mabaki yamebaki: mzazi na laptop ya mtumba

Mzazi anayezunguka Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Aggrey hadi Msimbazi, kumtafutia mwanawe laptop ya mtumba ya masomo, mara nyingi hurudi nyumbani na vitu vya mwenye nayo wa kwanza. Picha zimefutwa, jina limebadilishwa. Lakini mtoto akijaribu kuweka programu mpya ya kuzuia virusi, kompyuta inagoma: inadai kuna nyingine tayari. Kwenye orodha ya programu, hiyo nyingine haionekani.

Kilichobaki kiko ndani ya rejista, daftari ambalo Windows huandika mipangilio yake: programu gani ipo, iko folda gani, inaanza lini. Mtu akifuta folda ya programu bila kuiondoa kwa utaratibu, jina lake hubaki humo, kama mpangaji aliyehama Gerezani ambaye bado yumo kwenye daftari la wakazi la serikali ya mtaa.

Mengi ya mabaki hayo hayana madhara. Hapa ndipo wazazi wanapoliwa fedha. “Mama, rejista imejaa uchafu ndiyo maana inasuasua, nikusafishie?” Mistari michache isiyotumika haiipunguzii kompyuta kasi. Laptop ya zamani husuasua zaidi kwa sababu ya RAM ndogo au diski ya kuzunguka, na fedha ya fundi ingefaa kwenye SSD. Microsoft wenyewe hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. Ukifutwa mstari usio wake, Windows inaweza kukataa kuwaka, na kazi za mtoto zikawa hatarini.

Kwa mabaki ya programu ya kuzuia virusi, dawa ipo na ni ya bure. Kampuni kama Avast, Kaspersky na ESET hutoa kifaa maalumu cha kuondoa masalia ya programu zao. Kipakuliwe kwenye tovuti ya kampuni husika tu, si kwenye matangazo yanayorukaruka. Anayelazimika kuingia mwenyewe kwenye rejista kwa kuandika “regedit” ahifadhi kwanza nakala kupitia “Export” kwenye menyu ya “File”, kisha afute ule mstari mmoja anaoujua.

Kwa laptop iliyonunuliwa leo, hata hayo yote ni kujichosha. Aliyekuwa nayo huenda aliacha programu ya kumfuatilia mtumiaji, na hakuna mzazi anayetaka mgeni huyo chumbani kwa mtoto. Ni bora kuifuta yote na kuanza upya: kwenye Windows 11, “Settings”, “System”, “Recovery”, kisha “Reset this PC” na “Remove everything”. Chaja iwe imechomekwa, na kama kuna faili la kutunza lihamishiwe kwenye flashi kwanza.

Ikiwezekana, kazi hiyo ifanyike dukani kabla ya kulipa, hata ikichukua saa nzima na muuzaji akinuna. Baadhi ya laptop zilizotoka maofisini ng'ambo, zikishafutwa na kuunganishwa na intaneti, hudai barua pepe ya ile ofisi. Hilo si suala la rejista, na fundi wa kusafisha hataliondoa. Irudishwe kwa muuzaji hapo hapo, itafutwe nyingine.