Kompresere Pia ni Habari ya Mapafu

Ndugu mfanyakazi, ukipita asubuhi katika barabara za Kenya, komini yetu hii ya Lubumbashi, utasikia kompresere kabla ya kusikia redio. Kijana wa kwado anajaza pine, jirani yake anapiga rangi mlango wa gari, na fundi wa tatu anajipuliza vumbi kwenye suruali kwa mpira ule ule. Watu wengi hawajui mashine nyingine ya hewa isipokuwa hiyo, yenye tangi kama pipa, magurudumu mawili na mkanda. Wakitaka kujua ubora wake wanauliza neno moja tu: «Inapiga kilo ngapi?»

Swali hilo tunalibeba toka kartie mpaka kazini. Kompresere mpya ikifika shantie, kila mtu anatazama manometa, anaona sindano imesimama kwenye 7, anafurahi. Mimi nasema swali la kilo ni nusu ya swali, na nusu inayosahauliwa ndiyo inayoumiza watu.

Mtaniuliza: msaidizi wa munganga anatafuta nini katika mambo ya makanisiani? Kazi yake ni sindano, vidonge na kupima damu. Ni kweli. Lakini mtoboaji akija dispansari na kikohozi cha miezi mitatu, sina budi kumuuliza anafanyaje kazi, na hewa ya mashine yake inatoka wapi.

Basi tuanze na maneno mawili yanayoandikwa kwenye kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa kila kompresere. La kwanza ni bari. Bari moja ni karibu kilo moja inayosukuma kila sentimeta moja ya mraba, ndiyo maana watu wanasema «kilo». Hiyo ni nguvu ya kusukuma. La pili ni meta za ujazo kwa dakika, nayo inahesabu wingi wa hewa ambayo mashine inameza na kutoa. Mama wa nyumba anajua tofauti hiyo bila kusoma kitabu. Akifungua bomba la Regideso alfajiri peke yake, maji yanaruka. Nyumba kumi zikifungua pamoja, maji yanatiririka kama machozi. Bomba ni lile lile, ila wingi hautoshi kwa wote.

Ndivyo ilivyo kwa marto, mashine yetu ya kutoboa mwamba. Marto moja ya mguu, ikifanya kazi kwa bari 6, inakula karibu meta 4 za ujazo za hewa kila dakika. Marto tano zinataka 20. Mtu ananunua au kukodi kompresere iliyoandikwa 20 na kudhani hesabu imekwisha. Haijaisha! Lubumbashi iko kwenye urefu wa karibu meta 1.200 juu ya bahari, na hapa hewa ni nyepesi: katika kila meta moja ya ujazo kuna upungufu wa karibu sehemu 12 kwa 100, ukilinganisha na Matadi kule chini. Kompresere inameza ujazo ule ule, lakini inameza hewa kidogo. Kwa marto zile tano, huku kwetu inatakiwa karibu 22 na nusu. Hapo bado hatujahesabu mipira inayovuja. Tundu la milimeta 3 tu, kwa bari 7, linapoteza karibu lita 10 kila sekunde. Matundu sita au saba ya namna hiyo yanakula sawa na marto nzima, na hayatoboi hata sentimeta moja ya mwamba.

Sasa angalia kinachotokea. Kule kwenye kompresere sindano inaonyesha 7, makanisiani anakunywa chai yake. Kule mwisho wa mpira, marto zote zikifunguliwa, nguvu inashuka mpaka 5, mpaka 4. Mashine inapiga polepole. Mtoboaji anailalia kwa kifua na mabega ili iingie, anakaa nayo saa nyingi zaidi, na mikono yake inatetemeka mpaka usiku. Haya yenyewe ni mabaya, lakini kuna baya zaidi, nalo linahusu maji.

Mashine za kwanza za kutoboa kwa hewa hazikuwa na maji. Vumbi lilimrudia mtoboaji usoni kutwa nzima, na huko Marekani wachimbaji walizipa jina la mtengeneza wajane. Mwishoni mwa miaka ya 1890, J. George Leyner wa Colorado alitengeneza mashine inayopitisha maji ndani ya chuma cha kutobolea, ili vumbi lilowe humo humo ndani ya tundu. Marto zetu za leo ni wajukuu wa mashine hiyo. Lakini maji hayo yana sharti lake: nguvu yake iwe chini kidogo ya nguvu ya hewa, tofauti ya nusu bari mpaka bari moja. Hewa ikianguka chini ya maji, maji yanarudi ndani ya marto, yanaosha mafuta, mashine inakwama. Mtoboaji anafanya nini? Ana metraji ya kumaliza na kapita yuko nyuma yake. Anapunguza maji. Baadaye anayafunga kabisa, na marto inaanza kulia vizuri tena, kwa vumbi.

Vumbi linaloonekana, lile linalofanya nyusi ziwe nyeupe, pua inalizuia kwa sehemu kubwa. Linaloua ni lile lisiloonekana, chembe za mawe zilizo chini ya sehemu moja ya mia ya milimeta. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu na kubaki huko. Mapafu yanajenga kovu kuzunguka kila chembe, na kovu halivuti pumzi. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Mara nyingi unachukua miaka 10 au zaidi kabla ya kujionyesha, na dawa ya kuuponya haipo mpaka leo. Tena unafungua mlango kwa kifua kikuu. Mtu ataacha kazi, atakaa mbele ya nyumba yake pale Kenya, atashindwa kutembea mpaka sokoni bila kupumzika njiani, na jirani watasema amelogwa. Hakuna mchawi hapo. Hewa ya kazi ilipungua, akafunga maji.

Kwa hiyo mimi sikubali tukimlaumu mtoboaji peke yake kila tunapokuta amefunga maji. Tumpe adhabu, vema, sheria ni sheria. Lakini kwanza tupime hewa iliyomfikia.

Tuseme sasa kuhusu aina za kompresere, kwani kila moja ina mahali pake.

Ya pistoni ndiyo mnayoijua kwa kwado. Pistoni inakwenda na kurudi, inabana hewa kama pampu ya baiskeli. Ni nzuri kwa karakana: unajaza tangi, unafanya kazi, nayo inapumzika. Ubaya wake ni joto. Pistoni ya ngazi moja ikibana hewa mpaka bari 7, hewa inaweza kutoka na joto la kupita digrii 150, na mafuta ya mashine yanaungua na kushika kwenye bomba la kutokea kama masizi ya chungu. Masizi hayo yakikusanyika yanaweza kushika moto ndani ya bomba. Ya ngazi mbili, inayopooza hewa katikati, ni afadhali. Makelele yake yanapita desibeli 85, kipimo ambacho sikio lisizidi kwa saa 8. Ukiongeza 3 tu, muda wa salama unakuwa saa 4.

Ya vis ina vyuma viwili vilivyosokotwa kama kamba, vinazunguka vikikutana, na mafuta katikati. Inaweza kufanya kazi kutwa bila kupumzika, na ile iliyofungwa katika sanduku lake haipigi kelele sana. Kwa shantie na kwa mgodi mdogo mimi ningechagua hiyo. Ina kidude cha kuizima joto likifika karibu digrii 110. Nimesikia mafundi wakijisifu kwamba wanajua kukifunga kwa waya ili mashine isizimike. Huo si ufundi.

Ya tatu ni kompresere kubwa ya turbo, inayotupa hewa kwa gurudumu la mbio sana. Inatoa maelfu ya meta za ujazo kwa saa, na mafuta hayagusi hewa. Hiyo ni mali ya kituo kikubwa, nasi hatutabishana juu yake.

Lililo muhimu kuliko aina ni mahali mashine inapovutia hewa yake. Umeme wa SNEL ukikatika, tunawasha kompresere ya mazuti. Inavutwa haraka, inasimamishwa popote, pengine karibu na mlango wa hewa ya mgodi, moshi wake ukielekea kule kule inakomeza hewa. Kila mtu wa Lubumbashi anajua hatari ya mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa, usiku wa baridi wa mwezi wa sita: watu wanalala, hawaamki. Moshi wa mota una sumu ile ile isiyo na harufu. Kompresere haiisafishi, inaibana na kuisukuma mpaka kule mnakofanya kazi. Na vijana wa Kenya wanaokwenda kuchimba kwa mikono upande wa Likasi na Kolwezi nawaambia hivi: msishushe mota ndani ya shimo, wala msimpe mtu aliye chini hewa ya kompresere ya kwado ati apumue. Hewa ya kupumua inataka machujio yake na kipimo chake.

Juu ya tangi nitasema kidogo, ingawa linastahili ukurasa wake. Tangi lenye mfuniko wa sentimeta 60 upana, likiwa na bari 7, linasukuma mfuniko huo kwa nguvu ya tani 20. Hewa iliyobanwa inatoa maji, maji yanakaa chini ya tangi, yanakula chuma toka ndani ambako huoni. Fungua kizibo cha chini kila siku, maji yatoke. Supape ya usalama isifungwe kwa waya wala kwa boloti. Na matangi yale ya kujitengenezea, chupa ya gazi ya zamani iliyounganishwa na kompresere ya frigo, mtoto wako asicheze karibu nayo.

Na mpira wa hewa si ufagio wa mwili. Hewa inaingia kwenye kidonda kidogo, inaingia jichoni, inapasua ngoma ya sikio. Mchezo wa kumwelekezea mwenzako mpira matakoni umeshaua watu katika nchi nyingi, kwani utumbo unapasuka. Mtu anayecheka siku hiyo atajibu mbele ya sheria.

Wakubwa wataniambia kwamba kompresere kubwa inakula mazuti mengi. Ninakubali. Ndiyo maana tuanze kwa kuziba matundu, kazi ambayo haitaki mashine mpya: siku marto zote zimezimwa, mtu mmoja apite na maji ya sabuni juu ya kila kiungo, aone panapotoa povu. Baadaye tuhesabu marto tulizo nazo, mara 4, tuongeze sehemu ya urefu wa nchi yetu, tulinganishe na kibao. Kama hesabu haitimii, tuwashe marto nne badala ya tano. Nne zenye hewa na maji zinaweza kutoboa sawa na tano zilizochoka.

Hesabu hiyo isibaki kwa makanisiani tu. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inataka komite ya usalama na usafi wa mahali pa kazi, na wafanyakazi wana wajumbe wao humo. Mjumbe wako aombe kusoma kibao kabla kompresere haijakodiwa. Na aombe jambo moja la bei ndogo: manometa ya pili. Ile ya kwanza ibaki ubavuni mwa mashine, inamfaa fundi. Ya pili ifungwe kule mbele, meta chache toka marto ya mwisho, na isomwe wakati marto zote zinapiga, siyo asubuhi kabla ya kazi. Ikionyesha chini ya 5, mtoboaji asimamishe mashine na aite kapita, kabla hajagusa bomba la maji.