Kosa la Utotoni na Mlango wa Jeshi

Watoto wangu, vijana wengi wa Kisondela hutamani kuingia katika Jeshi la Wananchi, lililoundwa mwaka 1964. Najua hata miongoni mwenu wamo waipendao kazi hiyo. Basi leo nataka kuwaonya na kuwatia moyo pamoja, kwa habari ya kosa alitendalo mtu utotoni.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, ambaye jina lake silitaji. Alipokuwa na miaka 14 aliiba debe la kahawa ya jirani. Akapelekwa mahakamani, akaachiliwa kwa sharti la kutunza mwenendo wake, na baba yake akailipa kahawa ile. Toka siku hiyo hakugusa tena mali ya mtu. Alipotimiza miaka 19 aliomba barua ya kushuhudia tabia yake, apate kwenda jeshini. Mzee mmoja mwenye sauti kijijini akasema, "Huyu ni mwizi, na mwizi haandikiwi barua." Kijana akaketi migombani kimya hata jua likachwa, na mama yake akaja kwangu akilia.

Mimi nasema mzee yule alikosea, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Yaagiza kesi yake isikizwe faragha katika Mahakama ya Watoto, wala asihukumiwe kifungo. Kosa likiwa kubwa, aweza kupelekwa katika shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo huku kwetu Mbeya, apate kufundishwa na kurekebishwa. Kwa nini faragha? Ili aibu isimwandame maisha yake yote. Basi sisi tukiitangaza njiani na sokoni, twavunja yale ambayo sheria imeyajenga.

Pili, matangazo ya jeshi hutaka mwombaji awe na tabia njema, wala asiwe amepatikana na hatia ya jinai mahakamani na kufungwa. Kijana wetu hakufungwa. Ni kweli kwamba askari hukabidhiwa silaha, kwa hiyo wakubwa wa jeshi wana haki ya kuchunguza mwenendo wa kila mtu. Lakini kupima ni kazi yao. Si kazi ya jirani kumfungia mtu mlango kabla hajabisha hodi.

Hata hivyo, msidhani kwamba kosa la utotoni si kitu. Debe moja la kahawa lilimtesa yule kijana miaka mitano. Naye atendaye kosa akiisha kutimiza miaka 18 hushitakiwa kama mtu mzima. Akifungwa, sharti lile lamkataa waziwazi. Tena mkiulizwa habari zenu, msidanganye. Aliyekosa akatubu ana kosa moja. Aliyekosa akadanganya ana mawili, na la pili amelitenda akiwa na akili zake timamu.

Nilikwenda kwa mzee yule, tukazungumza hata usiku. Nikamkumbusha wasemavyo wahenga: mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Akanyamaza kitambo, kisha akakubali barua iandikwe, kushuhudia yale aliyoyaona kwa macho yake katika miaka mitano ile. Mama alisema neno moja tu: "Ndaga fijo."

Kijana hakuchaguliwa mwaka ule, maana waombaji walikuwa wengi na nafasi chache. Lakini alirudi bila kuinamisha uso, kwa sababu alikataliwa kama wenzake, si kama mwizi.

Basi, watoto wangu, jitunzeni mapema. Na mwenzenu akikosa akatengenea, mwiteni kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, msimwite kwa kosa lake.