BRASHI INAYONG'ARISHA NYWELE ZAKO IMETENGENEZWA KWA NINI?



Wiki iliyopita dada yetu mmoja, mtu wa Tanga anayeishi Ujerumani, alinitumia picha ya brashi ya nywele pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sauti ilikuwa inatetemeka. Brashi ile aliinunua miaka miwili iliyopita, baada ya baridi ya huko kumkausha nywele mpaka zikawa zinakatika ncha. Nywele zake ni za singa. Kila usiku baada ya Isha anapaka mafuta ya nazi kidogo, anapitisha brashi kutoka kwenye ngozi ya kichwa mpaka mwisho wa nywele, na anasema kweli zilipona, zikawa zinang'aa. Juzi binti yake anayesoma shule ya huko akaigeuza, akasoma maandishi ya kwenye mpini, akamwuliza: "Mama, hii si nguruwe mwitu?"

Swali la dada halikuwa la brashi. Lilikuwa hili: "Ustadhi, miaka miwili ya swala zangu imekwenda wapi?"

Nimemjibu faragha. Lakini nilipotaja habari hii baada ya darsa, vijana watatu walinijia wakiniuliza juu ya brashi za ndevu. Nikaona hili si la mtu mmoja.

Kwanza tuondoe jambo moja. Wako watakaosema, "Sheikh umekosa la kusema, umeingia kwenye mambo ya saluni." Ndugu yangu, mambo ya nywele yameingia kwenye dini kabla yangu. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha mwenye nywele azikirimu. Alipomwona mtu ambaye nywele zimemtawanyika ovyo, alihoji kama mtu yule hakupata hata kitu cha kuzituliza. Na Mama Aisha (r.a.) anatusimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa itikafu msikitini alikuwa akimsogezea kichwa chake, yeye akiwa chumbani mwake, naye akimchana. Na alikuwa katika siku zake. Hebu fikiri: itikafu, kumi la mwisho, na bado kichwa kinachanwa, na anayechana ni mke. (Wewe mwanamume ambaye mkeo hajagusa kichwa chako tangu siku ya harusi, lako hili nalo ni somo, tutalifungua siku nyingine.)

Na katika kuchana alipenda kuanza kuliani. Pia imekuja kutoka kwake katazo la kuchana kila mara bila kiasi, isipokuwa kwa kupisha siku. Wanavyuoni wamelieleza kwamba makusudio ni mtu asigeuze kichwa chake kuwa kazi yake ya mchana kutwa. Ajabu ni kwamba madaktari wa ngozi wa leo wanafika karibu na hapohapo. Kuna mila ya kizungu ya kupiga brashi mara mia kila usiku. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinawaambia watu waache, kwa sababu kuzidisha huko kunavunja nywele na kuzipasua ncha.

Sasa tuje kwenye brashi yenyewe, na nataka niseme ukweli wake wote. Nimeona wahubiri wakikataza kitu kwa kukisingizia ubaya usiokuwamo. Brashi hii inafanya kazi. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake, nayo hubaki shinani huku ncha zikikauka. Singa ngumu za mnyama huyachukua mafuta hayo na kuyashusha mpaka chini, huku zikiondoa vumbi na kulaza magamba madogo yaliyoufunika kila unywele. Unywele uliolala magamba yake unarudisha mwanga, ndiyo maana unang'aa. Plastiki laini haichukui mafuta vizuri hivyo. Kwa hiyo dada yetu hakudanganywa kuhusu kung'aa.

Alichofichwa, au alichokuwa hakukijua, ni singa hizo zinatoka wapi. Brashi za bei ya juu zinazosifiwa kwa jina la "singa za asili", kwa sehemu kubwa ni nywele za mgongoni mwa nguruwe. Biashara hii ni kongwe. Mji wa Chongqing huko China ulijulikana dunia nzima kwa singa zake, na watengenezaji mashuhuri wa Uingereza kama Mason Pearson hawafichi: wanaandika wazi kwamba ni nguruwe. Ni sisi ambao hatusomi. Kwenye maandishi ya Kiingereza tafuta neno "boar". Kifaransa ni "sanglier". Kijerumani ni lile alilolisoma binti wa Tanga, "Wildschwein". Na muuzaji akikwambia, "hii ni nguruwe mwitu, siyo nguruwe," mwambie katika sheria hakuna nguruwe wa nyumbani na nguruwe wa porini. Nguruwe ni nguruwe.

Hukumu yake ikoje? Hapa niwaombe subira, na mniruhusu niseme tofauti zilizopo, maana wengi wetu tumezoea kusikia kauli moja.

Nyama ya nguruwe ni haramu kwa Qur'ani na kwa ijmai, hilo halina mjadala. Katika Suratul An'am aya ya 145 Allah ameiita uchafu. Wanavyuoni wakazungumza: je, sifa hiyo inarudi kwenye nyama peke yake au kwa nguruwe mzima? Madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia nayo pwani hii kuanzia Lamu mpaka Ngazija, yanasema nguruwe ni najisi mzima, nywele zake zimo. Mahanafi nao wanasema ni najisi, ila waliwaruhusu washona viatu kutumia singa yake. Zamani fundi alikuwa akiitumia singa kuongoza uzi kwenye tundu la ngozi, na hakuwa na kitu kingine cha kumfaa. Wamaliki wakasema nywele si nyama, hazina uhai ndani yake, na zikinyolewa ni twahara. Shaykhul Islam Ibn Taymiyya naye ameona nywele za wanyama wote ni twahara, hata nguruwe.

Kwa hiyo usije ukamkuta Muislamu wa Morocco au Mali ana brashi hii ukamwita mla nguruwe. Ana imamu wake.

Ama mimi, ukiniuliza rai yangu, ninasema iache. Sababu ya kwanza ni madhehebu tunayoyafuata. Hayawi madhehebu kwenye udhu na ndoa tu, yakifika kwenye brashi ya ghali tukayahama. Ya pili ni hiyo ruhusa ya mshona viatu. Tazama waliompa walikuwa wanatazama nini: haja. Fundi angekosa singa, kazi ingesimama, watu wangetembea peku. Wewe ukikosa brashi ya nguruwe utapungukiwa nini? Chanuo la mti lipo. Brashi ya nyuzi za katani ipo. Nailoni ipo kila kibanda. Haja iko wapi?

Sasa swala za dada yetu. Hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuhesabu: rakaa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa miaka miwili. Alitaka kuanza kulipa usiku uleule.

Nikamwuliza, ulikuwa unajua? Akasema, wallahi sikujua. Nikamkumbusha hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) aliyoipokea Abu Dawud. Mtume (s.a.w.) alikuwa anawaswalisha, mara akavua viatu vyake katikati ya swala, na Maswahaba nao wakavua. Alipomaliza akawaeleza kwamba Jibril alimjia kumfahamisha kuwa vina uchafu. Akavivua, akaendelea. Hakuianza swala upya. Wanavyuoni wengi wamechukua hapo kwamba aliyeswali na najisi asiyoijua, swala yake iliyopita ni sahihi. Ni kweli kauli mashuhuri ndani ya madhehebu yetu inamtaka arudie, na sikumficha hilo. Lakini Imam Nawawi mwenyewe, naye ni nguzo ya madhehebu, ameiona ile kauli ya kutorudia kuwa ndiyo yenye nguvu kwa dalili. Nikamwambia, lala. Swala zako ziko kwa Mola wako, ambaye alikuwa anajua usilolijua.

Na kuhusu kujisafisha: kitu kikavu kikigusa kikavu hakinajisishi. Tatizo lake ni yale mafuta ya nazi, maana unyevu ndio unaobeba. Kwa hiyo aoshe kichwa. Wanaomkisia nguruwe na mbwa wanataka maosho saba, moja la udongo, na huko ndiko waliko wengi katika madhehebu. Imam Nawawi ameona kwa dalili osho moja linatosha. Anayetaka kutulia kabisa afanye saba, udongo kidogo kwenye maji ya mara moja haumdhuru mtu. Lakini godoro asitupe. Mazulia asitoe nje. Shetani akimkosa mtu kwenye kupuuza humngojea kwenye waswasi, na nimewaona watu wakiharibikiwa na huo wa pili zaidi.

Sasa nyie vijana wa ndevu.

Mmefuga ndevu, mashallah, mnasema ni Sunna. Halafu mnaagiza kwenye simu kile kisanduku cha mafuta ya ndevu, kitana na kibrashi kidogo cha duara. Kile kibrashi, mara nyingi sana, ni singa za nguruwe. Unakipaka mafuta, unakipitisha kwenye ndevu ulizozifuga kwa kumfuata Mtume (s.a.w.), unakwenda msikitini. Sisemi umekusudia. Ninasema soma. Na kwa kinyozi uliza pia, ile brashi anayokupangusia shingo imetengenezwa kwa nini. Akicheka, acha acheke.

Wauzaji nao nina neno nao. Nilikwenda mwenyewe Kariakoo, nikapita maduka kadhaa nikiuliza. Wengi walinijibu "ni original, sheikh", kana kwamba hilo ndilo jina la mnyama. Malaysia waliamua kwamba kitu kilichotengenezwa kwa kiungo cha nguruwe lazima kiandikwe hivyo, na Februari 2017 maofisa wao walikamata brashi za kupakia rangi zaidi ya 2,000 zilizodhaniwa kuwa za singa za nguruwe bila maandishi. Sisi hatuna utaratibu huo, lakini muuzaji Muislamu ana wajibu wa kumweleza mnunuzi aibu ya bidhaa kabla hajachukua pesa, na kwa Muislamu mwenzake hii ni aibu kubwa kuliko mpini uliopasuka. Kama hujui umeuza nini, muulize anayekuletea mzigo.

Mkononi tayari una brashi isiyo na maandishi? Chomoa unywele mmoja, uchome kwa kiberiti. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu, ni nailoni. Ukiungua kama karatasi, ni mmea. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua, ni mnyama, na hapo moto hautakwambia ni mnyama gani. Singa ya nguruwe huwa imepasuka ncha kama ufagio mdogo, jicho kali litaona. Brashi za farasi na mbuzi zipo. Nywele alizonyolewa mnyama anayeliwa akiwa hai ni twahara, na Suratun Nahl aya ya 80 inazitaja sufi na manyoya na nywele kuwa ni neema. Zilizotoka kwa mzoga madhehebu yetu yana ukali nazo, wengine wengi wamelegeza, na hapo sitamkaza mtu.

Tena dada zangu wenye nywele za kipilipili, ambao ndio wengi wenu, brashi hii msiililie kabisa. Singa hazipenyi nywele zilizojikunja. Zinapita juu, na ukilazimisha unakata. Nywele zenu zinataka chanuo la meno mapana, zikiwa na unyevu na mafuta, mkianzia nchani mkipanda taratibu kuelekea shinani. Ndivyo bibi zetu walivyotuchana barazani, kichwa kimebanwa kati ya magoti, na mafuta yalikuwa ya nazi iliyokunwa nyumbani. Mwenye nywele za singa kama dada yetu wa Ujerumani, vidole vyenye mafuta kidogo vikifuatwa na chanuo la mti vitashusha mafuta vilevile, polepole zaidi.

Dada mwenyewe amenitumia ujumbe jana. Ameitupa brashi, ameosha kichwa, na binti yake ndiye anayemchana sasa kwa chanuo aliloletewa kutoka nyumbani. Akaniuliza na juu ya brashi ya jikoni ile ya kupakia yai kwenye mkate. Nimeangalia, nayo baadhi ni singa hizohizo. Hiyo inagusa chakula, na ina maneno yake. Nitaiandika Ijumaa inshallah. Mwenye nayo kabatini aangalie maandishi kabla ya hapo.

Wallaahu a'lam.