Tumtibu Ng'ombe kwa Kipimo

Ndugu msomaji, ndama anapoanza kukohoa, kamasi zikamchuruzika na mbavu zikapanda na kushuka kwa kasi, wengi wetu hukimbilia mambo mawili pamoja: sindano ya antibiotiki, na chungu cha majani tuliyorithishwa na wazee. Je, viwili hivyo hupatana?

Jibu la wataalamu lina matumaini. Miongoni mwa bakteria wanaoshambulia mapafu ya ng'ombe ni Pasteurella multocida na Mannheimia haemolytica, na baadhi yao wamekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka. Katika maabara, watafiti wamewajaribu kwa viini vya mimea, kama vile thaimoli na kavakroli. Viini hivyo hulegeza utando unaomzunguka bakteria, nayo dawa ikapata upenyo. Katika baadhi ya majaribio, antibiotiki iliyochanganywa na viini hivyo imewazuia bakteria kwa kiasi kidogo kuliko ilipokuwa peke yake.

Hata hivyo, bakteria wa maabara si ng'ombe wa zizini. Mtafiti hupima kiini kimoja kilichosafishwa. Chungu chetu hakijulikani kina nini wala kiasi gani. Tena, ndama anayehema akinyweshwa maji kwa nguvu, maji hayo yaweza kuingia mapafuni na kumwua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Kosa kubwa zaidi ni kupunguza sindano kwa kutegemea majani. Mwaka 1945, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kwamba dozi ndogo huwazoeza vijidudu kuistahimili dawa. Vijidudu sugu havibaki zizini. Huweza kumfikia mchungaji, mama anayekamua, na mtoto.

Basi, ndugu msomaji, mwite bwana mifugo mapema, hasa wanapougua ng'ombe kadhaa kwa pamoja. Mweleze bila haya majani uliyokwisha kutumia. Maliza dozi aliyoipanga, hata mnyama akichangamka siku ya pili. Maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Urithi wa wazee tusiutupe. Huenda kesho ukatuokoa. Lakini leo tuuache upimwe kwanza. Dawa bila kipimo ni sumu, na anayeionja mwisho ni mtoto aliyeshika kikombe cha maziwa.